Pembe za Piramidi: Kuzihesabu na Kuzipanga kwa Aina

Mwanafunzi akiulizwa piramidi yenye kitako cha mraba ina pembe ngapi, mmoja hujibu tano, kwa kuwa amehesabu kona, na mwingine hujibu kumi na sita. Wote wawili wako sahihi, kwa sababu kila mmoja amehesabu kitu chake. Ndiyo maana, kabla ya kuhesabu chochote, mimi hutenganisha kwanza aina tatu: pembe zilizo juu ya uso mmoja, pembe zinazofanywa na nyuso mbili zinapokutana kwenye ukingo, na pembe za kona, ambako hukutana nyuso tatu au zaidi.

Aina ya kwanza ni nyepesi. Pembetatu nne zina pembe 12, kitako kina 4, jumla 16. Ikiwa ncha iko sawasawa juu ya kitovu cha kitako, kila pembetatu ni pacha, yaani pande zake mbili zinalingana, kwa hiyo pembe zake mbili za chini lazima ziwe kali, yaani chini ya nyuzi 90. Ya juu nayo ni kali, kwani pembe nne zinazokutana kwenye ncha haziwezi kufikia nyuzi 360. Zikifika, nyuso zote zinalala bapa na piramidi haipo tena. Basi 12 ni kali, 4 ni pembe mraba za nyuzi 90, na butu, yaani inayozidi nyuzi 90, haimo hata moja.

Butu hujitokeza katika aina ya pili, ambayo naipenda kuliko zote. Kingo ni 8, hivyo pembe ni 8: nne zinazozunguka kitako ni kali, na nne za kingo zinazopanda ni butu, hata piramidi irefuke kiasi gani. Asiyeamini achonge piramidi kwa kipande cha sabuni ya mche, kisha akate ukingo mmoja unaopanda kwa kisu kilichosimama wima juu ya ukingo huo. Kwenye mkato ataiona pembe yenyewe, na kipimapembe kitaonyesha zaidi ya nyuzi 90.

Kitako kikiwa na pande n, pembe za nyuso ni 4n, za kingo ni 2n, na za kona ni n + 1. Aina zake, hata hivyo, hubadilika: piramidi ya pembetatu ambayo kingo zake zote zinalingana ina pembe sita za kingo, na kila moja ni kali, yapata nyuzi 70.5.

Piramidi Kuu ya Giza, nchini Misri, ambayo upande wa kitako chake ni takribani mita 230 na kimo chake cha awali kilikuwa karibu mita 147, huelezwa kuwa na mwinamo wa karibu nyuzi 52. Pembe hiyo haionekani juu ya uso wowote, kwani pembetatu zake zina takribani nyuzi 58, 58 na 63. Ni pembe ya ukingo wa kitako, ilhali kingo zinazopanda zina takribani nyuzi 112. Wamisri wa kale waliueleza mwinamo huo bila nyuzi, kwa kutaja viganja vingapi uso unaingia ndani kwa kila dhiraa moja ya kupanda, dhiraa ikiwa viganja 7. Katika swali la 56 la mafunjo ya Rhind, andiko la hesabu la Wamisri hao, kitako ni dhiraa 360 na kimo ni 250: nusu ya kitako, 180, inagawanywa kwa 250, kisha inazidishwa kwa 7, na jibu ni viganja 5 na 1/25.