Ndoo ya karatasi chooni sio uchafu jamani

Nimetumiwa tena picha ileile. Safari hii imetoka nyumba ya wageni Athens, juu ya sinki la choo kimebandikwa kikaratasi kinachosema karatasi isitupwe chooni, itupwe kwenye ndoo, na aliyetuma kaandika chini "hii nayo ni Ulaya?" Mi kazi yangu kufunga na kuzibua mabomba ya mahoteli huku Unguja na maneno haya nayapata pande zote mbili, mtu wetu akisafiri akikuta ndoo anasema hawa wachafu, mgeni akija huku akikuta ndoo anasema hawa hawana mfumo, halafu anaamua kutupa tu chooni kama alivyozoea kwao, na kesho yake nafungua chemba mimi.

Karatasi itaenda wapi inaamuliwa na vitu vitatu: bomba, maji, na karatasi yenyewe ni ya aina gani. Ustaarabu wa watu haumo kabisa kwenye hesabu hiyo. Ugiriki majengo mengi ya zamani yamepitishwa mabomba membamba kuliko hii inchi 4 tunayofunga sisi, na hamna mwenye nyumba atakayebomoa kuta za ghorofa nzima ili mgeni wa siku tatu atupe karatasi anavyotaka. Kwa hiyo wanaweka ndoo, wanabandika tangazo, wanaishi. Uturuki hivyohivyo kwenye majengo ya zamani. Mexico na Brazil ndoo ni kitu cha kawaida tu, hakuna anayeishangaa.

Na hao tunaodhani wanatupa kila kitu chooni bila tatizo, nendeni mkawaulize London. Mwaka 2017 chini ya mtaa wa Whitechapel walikuta bonge limeziba mfereji wa maji taka, urefu mita 250, uzito kama tani 130, mafuta ya kupikia yameganda pamoja na waipsi (vile vitambaa vya kufutia vinavyouzwa vimelowa), pedi na nepi. Watu walilichimba kwa wiki kadhaa, na mwaka uliofuata kipande chake kikawekwa makumbusho. Huo mfereji mtu mzima anaingia ndani akiinama, sasa wewe na bomba lako la inchi 4 lenye kona (elbo) tatu kabla ya kufika kwenye karo?

Hapa kwenye waipsi naomba mnisikilize vizuri maana ndo panaponiumiza kichwa zaidi ya pengine pote. Pakiti imeandikwa inaweza kuflashiwa, mgeni anaamini, na kweli ukiflashi inaondoka, haionekani tena. Lakini kuondoka kwenye sinki na kuachana kwenye maji ni mambo mawili tofauti! Tishu ya chooni imetengenezwa kwa nyuzi fupi zilizoshikana kidogo tu, ikilowa inalegea yenyewe. Waipsi nyingi zina nyuzi za plastiki ndani, zimetengenezwa makusudi zikae kwenye maji ndani ya pakiti miezi na miezi bila kuchanika, sasa kwa nini zichanike kwenye bomba kwa dakika mbili? Nazitoa kwenye chemba nzima kabisa, zimejisokota na nywele zimekuwa kamba, na kila kinachopita kinanasa hapohapo.

Tishu za boksi na leso za mezani nazo ni shida hiyohiyo, watu hawalijui hili. Zinatiwa dawa ya kuzifanya zisichanike zikilowa, sababu kazi yake ni kufuta pua na mikono. Kama hamniamini chukueni chupa mbili za maji, moja tia kipande cha tishu ya chooni, nyingine tia tishu ya boksi, funga, tikisa, angalia. Japani wana kiwango rasmi kabisa, tishu ya chooni ikikorogwa kwenye maji inatakiwa iwe imeachana ndani ya sekunde 100. Ndo maana wao wanakubandikia tangazo la kinyume, wanakuomba karatasi uitupe chooni na uflashi, na wageni waliozoea ndoo wanawaachia karatasi chini pembeni ya choo, au kwenye kile kidebe kidogo cha pedi. Hapo nani mchafu sasa? Mgeni kafuata adabu ya kwao nzuri kabisa, ila bomba sio la kwao.

Korea Kusini ndo mfano ninaopenda kuutoa, sababu hao wameishi pande zote mbili. Ndoo zilikuwa kwenye vyoo vya umma miaka mingi, halafu kuanzia tarehe 1 Januari 2018 sheria ikaziondoa kwenye vijumba vya vyoo hivyo, watu wakaambiwa sasa tupeni chooni. Watu walewale, nchi ileile, kilichobadilika ni utaratibu.

Ndugu zangu mnaokwenda Guangzhou kufunga mzigo, vyoo vingi vya umma huko ni vya kuchuchumaa na karatasi mara nyingi huikuti, beba yako. Ila ile pakiti ndogo ya mfukoni ni tishu ya pua, ikishatumika inakwenda ndooni, usiitie kwenye sinki. Istanbul angalia ndani ya sinki kwa nyuma kuna kibomba kidogo, koki yake ipo ukutani upande wa mkono wako, ni maji ya kujisafishia, karatasi ni ya kujikaushia tu. Muscat na Dubai shatafu, kile kibomba cha mkononi cha kujisafishia, ipo, huko hamna haja ya kufundishwa. Na anayesema Ulaya yote hawajui maji, Italia tangu 1975 kuna agizo la serikali kila nyumba iwe na bide, yaani kisinki cha chini cha kujisafishia kwa maji, na Finland kishatafu kando ya choo ni kitu cha kawaida. Halafu usipande na viatu juu ya sinki la kukaa, ule udongo ukivunjika unakata vibaya sana.

Sasa kuna mambo ambayo vitabu vinayasema kwa uhakika kuliko mimi. Wanasema karatasi kwenye karo inaoza yenyewe. Nimefungua makaro ya guest house za pwani na karatasi imekaa juu kama blanketi, na mashaka yangu yapo kwenye yale madawa makali wanayomwaga chooni kila asubuhi, nahisi yanaua wale wadudu wanaotakiwa kuila. Huku ardhi yetu ni mawe ya matumbawe, maji yanapita haraka, karo likijaa kabla ya wakati wake uchafu unaelekea visimani. Jingine ni mlalo wa bomba. Wazee walinifundisha ukiinamisha sana maji yanakimbia yanaacha mzigo nyuma, mafundi wengine wananibishia, na mimi nimeona mabomba yaliyoinama sana hayazibi hata siku moja. Bado nafunga kama wazee walivyosema lakini siwezi kuapa. Na hivi vyoo vya kubana maji navyo vinanitia wasiwasi. Marekani walishusha kutoka lita kama 13 kwa flashi moja hadi 6 kwa vyoo vipya vya nyumbani kuanzia 1994, sawa, maji ni mali, ila maji machache kwenye bomba refu lenye elbo nyingi hayasukumi karatasi mbali.

Kwa hiyo msafiri ukiingia choo usichokijua soma tangazo, ukikosa tangazo angalia ndoo, ukikuta ndoo kubwa ina karatasi ndani basi na wewe tupa humo, na ukikosa vyote uliza mapokezi, hakuna aibu yoyote.

Na nyie wenye guest house, ndoo inayoleta harufu na nzi ni ile iliyo wazi. Nunueni ya kukanyaga yenye mfuniko, mtie mfuko ndani, itolewe kila siku hata kama imeingia karatasi moja, na tangazo liandikwe kwa lugha wageni wenu wanayoisoma, likae usawa wa macho ya mtu aliyekaa, maana mengi nayakuta nyuma, juu ya sisteni (tangi la maji ya kuflashi), ambako mtu akikaa kaligeuzia mgongo.