Miti ya kale ya Mombasa: yasemwayo na yaliyo kweli

Ni nadra mti mkongwe wa Mombasa kukatwa kwa chuki. Hukatwa kwa sababu mtu ameamini jambo lisilo kweli: kwamba umeshakufa, kwamba ni wake peke yake kwa kuwa uko ndani ya ua wake, kwamba saruji shinani haina neno. Yafuatayo husemwa kila siku, kutoka Kizingo hadi Kisauni, na yanagharimu miti.

"Mbuyu huu hauna jani, umeshakufa"

Mbuyu hupukutisha majani na unaweza kukaa mtupu miezi mingi, hasa kiangazi cha kaskazi kinapokaza. Haulali njaa kwa hilo. Chini ya ngozi nyembamba ya kijivu ya gome lake kuna tabaka la kijani linaloendelea kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Ukitaka hakika, tafuta kitawi chenye unene wa kidole, ukwaruze kwa ukucha pahali padogo kama punje ya mchele. Ukiona kijani chenye unyevu, mti uko hai. Ukiona kahawia kavu, jaribu vitawi vingine vitatu, pande tofauti, kabla ya kutamka neno.

Mbuyu uliokufa kweli haujifichi. Shina lake ni nyuzi zilizojaa maji, kwa hivyo ukifa huoza, hulainika, kisha huporomoka na kubaki lundo la nyuzinyuzi kama makumbi ya nazi yaliyotoka majini. Ikiwa shina limesimama, gome limebana na halibonyei ukiligonga kwa ngumi, ngoja mvua za masika.

Shina lenye pango nalo husingiziwa. Katika miti karibu yote kiini cha ndani ni mbao mfu. Uhai uko kwenye tabaka jembamba chini ya gome. Mti wenye tundu unaweza kusimama vizazi na vizazi maadamu ganda lililobaki ni nene. Mibuyu mikubwa aghalabu ni mashina kadhaa yaliyoota karibu na kuungana, na pango lililo katikati huenda halikuwahi kuwa mbao. Dalili za kutia hofu ni nyingine: uyoga unaoota kitakoni, ufa mpya, udongo ulioinuka upande mmoja, au mti ulioinama kuliko ulivyokuwa mwaka uliopita. Ukiziona, ita mtaalamu wa miti. Usijaze tundu kwa saruji. Mti hupepesuka na saruji haipepesuki; mwanya hutokea kati yao, maji huingia, na ubovu huendelea pasipoonekana.

"Mnene hivi, lazima una miaka elfu"

Unene haukupi umri. Mbuyu uliopata maji na udongo wa kina hunenepa upesi. Ulioota juu ya jabali la matumbawe, kama sehemu kubwa ya kisiwa chetu, hukawia. Umri wa mibuyu mashuhuri umepatikana kwa kupima kaboni katika vipande vidogo vya mbao. Mmoja wa Zimbabwe, uitwao Panke, ulikadiriwa kuwa na miaka kama 2,450 ulipokufa 2011. Bila kipimo cha namna hiyo, andika "mkongwe" na uache tarakimu. Tarakimu ya kubuni huonekana ya maana mpaka siku mwenye mradi wa ujenzi atakapoipinga mbele ya hakimu, na hapo kila jambo lingine uliloandika litatiliwa shaka.

Andika unachoweza kukipima. Mzingo wa shina hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini. Kama pana mteremko, anzia upande wa juu. Tepi ya fundi cherehani ina sentimita 150 tu, kwa hivyo zungusha kamba ya katani kisha uipime chini (ya nailoni hunyumbuka na kudanganya). Mwenzako azunguke nyuma kuhakikisha kamba haijashuka, maana kamba iliyokaa mshazari huongeza sentimita kadhaa. Kwa mbuyu andika na mwezi, kwani shina hunywea kiangazi na kuvimba baada ya mvua. Ukirudi mwakani, rudi msimu uleule.

Urefu hupatikana kwa fimbo. Chukua fimbo iliyo sawa na mkono wako, kutoka kwenye jicho hadi kwenye ngumi. Nyosha mkono, ishike wima, urudi nyuma mpaka ncha yake ikutane na kilele na kitako chake kikutane na shina ardhini. Umbali kutoka uliposimama hadi mtini ndio urefu wa mti.

"Mkwaju ulitoka Bara Hindi, mwarobaini ni wetu"

Ni kinyume chake. Mkwaju ni mti wa asili ya Afrika. Jina lake la kisayansi lina neno *indica*, na Waarabu waliuita tende ya Hindi, ndipo watu wakapotea. Mwarobaini ndio uliovuka bahari kutoka Bara Hindi, na mwembe vilevile.

Hili lina kazi kubwa katika historia ya mtaa, kwa sababu aina ya mti hukagua hadithi yake. Mkanju, ambao wengine huuita mkorosho, asili yake ni Brazil na uliletwa na Wareno, ambao meli zao zilifika Mombasa mara ya kwanza 1498. Ukiambiwa mkanju fulani ulipandwa kabla ya Wareno, hadithi hiyo ina kasoro. Mkrismasi wenye maua mekundu ulitoka Madagascar, na wanabotania waliuandika mara ya kwanza karne ya 19. Hauwezi kuwa ulishuhudia ujenzi wa Ngome ya Yesu ulioanza 1593. Mzambarau una ushahidi mwingine kabisa. Ibn Battuta alipopita Mombasa 1331 aliandika kuhusu ndizi, ndimu na tunda tamu mno linalofanana na zeituni, akaliita *jammun*, jina la zambarau kwa Kihindi.

Na mti wa kigeni unaweza kuwa urithi kamili. Mwembe Tayari, Mwembe Kuku, Mwembe Tanganyika na Mwembelegeza ni majina ya mitaa yaliyobeba miembe. Wageni hao wameshakuwa anwani zetu.

"Wazee wakishasema, yatosha"

Hayatoshi, na wala si ya kupuuzwa. Shida iko katika kuuliza. Ukimuuliza mzee "mti huu una miaka mingapi?" atakupa namba ya kukuridhisha. Muulize mti ulikuwa umefika wapi wakati watu bado wanavuka daraja la zamani la Nyali, lile lililoelea majini tangu 1931, kabla ya daraja la zege la 1980. Je, watoto waliweza kuupanda? Matawi yalifika juu ya paa gani? Majibu ya namna hiyo yana mizizi. Ongea na wazee wawili au watatu mbalimbali, kila mmoja peke yake, na uandike maneno yao kama walivyoyasema, pamoja na tarehe. Kisha tafuta picha za zamani za familia. Harusi nyingi zilipigwa picha chini ya mti, na ukuta ulio nyuma hukuonyesha mahali penyewe.

"Tumeuwekea saruji na kabro ili tuulinde"

Hapa ndipo miti mingi ya mjini inapouawa, na inauawa na watu wenye nia njema.

Mizizi inayolisha mti haiendi chini sana. Mingi hukaa ndani ya sentimita 60 za juu na hutambaa kupita kivuli cha matawi. Mombasa udongo wenyewe ni haba juu ya jabali, hivyo mizizi hutambaa zaidi ikitafuta nyufa. Inahitaji hewa na maji. Fundi anapochimba sentimita 20, akashindilia kifusi kwa mashine na kupanga kabro (matofali ya saruji ya kutandika uani) hadi kwenye gome, amefanya makosa matatu kwa siku moja: amekata mizizi, amebana udongo, amezuia maji. Mti haufi wiki hiyo. Huanza kukauka juu, tawi baada ya tawi, miaka miwili au mitano baadaye, na hapo husemwa "umezeeka".

Wataalamu wa miti hutumia kanuni hii: gawa mzingo kwa 3.14 upate kipenyo, kisha zidisha mara 12. Mwembe wenye mzingo wa sentimita 188 una kipenyo cha sentimita 60, kwa hivyo mita 7.2 kutoka shinani kila upande hapachimbwi, hapashindiliwi, hapaegeshwi lori la kokoto. Kwa shina nene sana kama la mbuyu, kanuni hiyo huishia mita 15. Uzio wa eneo hilo uwekwe kabla tingatinga halijaingia. Ukiwekwa baadaye hauna faida. Kama njia ya miguu haina budi kupita, ipite juu ya ardhi ilivyo, kwa changarawe. Hata kujaza udongo wa sentimita 15 juu ya mizizi ya kale kunaweza kuinyima hewa.

Kifusi cha simiti kisimwagwe karibu, wala maji ya kuoshea ndoo za chokaa. Waya wa taa unaozungushwa shinani nao huua polepole: mti hunenepa, waya haunyumbuki, hatimaye hukata gome pande zote. Misumari ya mabango ya waganga na nyumba za kupanga hufungua njia ya ukungu, na siku moja hukutana na mnyororo wa msumeno usoni mwa fundi.

"Mti umo shambani mwangu, hakuna wa kuniuliza"

Hati ya ardhi haimalizi maneno. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza urithi unaolindwa katika gazeti rasmi la serikali, na Sheria ya Misitu ya 2016 inaruhusu Rais kutangaza aina ya mti kuwa inalindwa. Mwaka 2020 mkuyu wa kando ya Waiyaki Way, Nairobi, ulinusurika barabara ya juu kwa amri ya Rais. Mwaka 2022, mibuyu ya Kilifi iliyong'olewa katika mashamba ya watu ili ipelekwe nchi ya Georgia ilizua amri ya kuchunguza kama vibali viliheshimu Mkataba wa Nagoya, makubaliano ya kimataifa kuhusu kugawana kwa haki faida za mimea na viumbe.

Wewe jirani una nguvu pia. Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira bila kuonyesha kwamba ameumia yeye binafsi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakupa haki ya kuomba nakala ya kibali cha kukata, na ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Andika barua ofisi ya mazingira ya kaunti, nakala kwa Makumbusho pale Ngome ya Yesu. Ambatisha picha nne: mti mzima na mtu kando yake kuonyesha ukubwa, kitako, gome kwa karibu, jani pamoja na tunda au ua.

"Tukate, tutapanda mwingine"

Watu husema mbuyu ulianza kama mchicha, na ndivyo ulivyo kwa macho. Mche wa mbuyu huanza na majani ya peke peke, kila jani zima bila kugawanyika. Yale ya vidole vitano au zaidi huja baadaye. Mfyekaji asiyeujua huung'oa kama gugu. Ukitaka kupanda, mimina maji ya moto juu ya mbegu, ziache zilowe usiku kucha, kisha zipande kwenye mfuko mrefu kwa ajili ya mzizi. Ukihamishia ardhini, zungushia miiba dhidi ya mbuzi na usimike kigingi kilichopakwa rangi nyekundu, kirefu kuliko nyasi, ili panga lisiufikie.