Hiyo "pembeni" mnayomsogezea mwenye baiskeli haipo

Wiki iliyopita kwenye kikao cha mradi nimelisikia tena: "Baiskeli wakae pembeni, barabara ni ya magari." Nimezoea kulisikia kwa madereva wa daladala. Safari hii limetoka kwa mtu tunayekaa naye meza moja kupitisha michoro. Nimechoka kulijibu kwa mdomo, basi naliandika.

Shika futi kamba. Njia moja ya gari kwenye barabara ninazochora huwa na upana wa meta 3.25. Basi kubwa lina meta 2.5, bila kuhesabu vioo. Zimebaki sentimeta 75. Usukani wa baiskeli peke yake unakaribia sentimeta 60, na hakuna anayeendesha baiskeli kama treni kwenye reli: kila ukikanyaga pedali unayumba kidogo, na ukiwa na mzigo unayumba zaidi. Mpe mtu huyo meta 1. Ongeza meta 1.5 ya usalama kati yake na basi. Jumla ni meta 5. Maana yake ndani ya ile njia yako basi na baiskeli haviwezi kupita sambamba, hata mwenye baiskeli ajibane namna gani. Dereva ama ahamie njia ya pili kabisa, ama amfuate taratibu mpaka pawe wazi.

Sasa sikiliza linaloniudhi. Mwenye baiskeli akikaa mahali anapoonekana, dereva anajua mapema kwamba hapapitiki. Akijibana ukingoni, dereva anadhani panapitika, anapenya, na kioo kinampata mtu begani. Yaani ushauri wenu wa "sogea pembeni" ndio unaomfungulia basi mlango.

Na huko pembeni mmewahi kushuka mkapaona? Nilipiga magoti kando ya barabara moja ya kuelekea Pugu nikapima. Lami imelika kama mkate ulioumwa, na kutoka kwenye lami mpaka kwenye udongo ni kushuka sentimeta 12. Mbele kidogo kuna mchanga, halafu mfuniko wa mtaro ambao vyuma vyake vimelazwa kufuata mwelekeo wa magari, mianya mipana kiasi cha kumeza tairi jembamba. Kijana mmoja akapita na magunia mawili ya mkaa kwenye keria, jasho linamtiririka. Nikamwuliza kwa nini hakai kwenye bega la barabara. "Mzee, huku nikishuka sipandi tena," akanijibu bila kusimama.

Na lile la kodi, kwamba mwenye baiskeli halipii barabara, nalimaliza haraka. Barabara huharibiwa na uzito wa ekseli, yaani mzigo unaobebwa na kila mhimili wa magurudumu, na uharibifu hupanda takribani kwa uzito ule kuzidishwa kwa wenyewe mara nne. Baiskeli haimo kabisa kwenye hesabu hiyo. Tuendelee.

Sisemi tuchanganye kila kitu kila mahali. Kinachoamua ni mwendo. Gari likiwa kilometa 50 kwa saa, nguvu ya kugonga ni karibu mara 3 ya gari hilohilo likiwa 30. Likifika 80 ni mara 7. Kwa hiyo mitaa ya ndani, magari yanapotambaa, baiskeli na gari vinaweza kuishi pamoja, na nisingetumia hata mfuko mmoja wa saruji kuvitenganisha, ningeweka matuta. Barabara kuu ndizo zinazohitaji njia ya baiskeli yenye kizuizi. Waholanzi, ambao kila mtu huwataja kana kwamba walitenganisha nchi nzima, hufanya hivyohivyo: kwa 30 wanachanganya, kwa 50 wanatenganisha. Na hawakuzaliwa nayo. Mwaka 1971 barabara zao ziliua watu wapatao 3,300, zaidi ya 400 wakiwa watoto, wazazi wakaingia mitaani kudai.

Kuna mambo mawili yananinyima usingizi. La kwanza ni makutano. Njia ya baiskeli tunaichora vizuri kilometa nzima, halafu kwenye makutano inakatika, palepale gari linapokata kushoto na kumziba anayekwenda moja kwa moja. Dereva hakumwona kwa kilometa nzima, kwa sababu sisi ndio tuliomweka mbali na macho yake. Nimesaini michoro ya namna hiyo, na sina hakika kwamba kila mmoja uliokoa mtu.

La pili ni bodaboda. Ukijenga njia ya baiskeli, foleni ikikaza pikipiki zinaingia humo. Unasimika nguzo mlangoni kuzizuia. Ukizisogeza karibukaribu, guta halipiti, mwenye kiti cha magurudumu hapiti, na yule kijana wa Pugu na magunia yake hapiti. Ukizitanua apite, bodaboda naye anapita, maana ni mwembamba kuliko magunia. Nimejaribu kuzipanga kwa upana tofauti, nimejaribu na za kupishana zigizaga. Mchoro wa mwezi huu bado uko mezani, sehemu ya nguzo nimeiacha wazi.