Kwa nini SRO ina sukari? Maswali ya Goma kuhusu kolera na utando wa seli

SRO ni maji yenye chumvi na sukari anayonyweshwa mtu anayeharisha. Baadhi ya maswali haya ni ya akina mama wenye watoto wanaoharisha, mengine ni ya wanafunzi wa biokimia wanaojiandaa na Egzetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Yamewekwa pamoja kwa kuwa yote yanaishia kwenye utando wa seli, yaani ngozi nyembamba inayoizunguka kila seli.

Anayeharisha hupoteza maji na chumvi. Sukari ya nini tena?

Wengi hudhani ni ya kumpa mgonjwa nguvu, au ya kuficha ladha ya chumvi. Sivyo. Kwenye utando wa seli za utumbo mwembamba kuna protini inayovusha sodiamu (iliyo ndani ya chumvi) na glukosi (aina ya sukari) kwa pamoja: sodiamu mbili kwa kila glukosi moja, na glukosi ikikosekana kazi hiyo inasimama. Vikishaingia mwilini, maji huvifuata. Mwanabiokimia Mmarekani Robert Crane alilieleza jambo hilo Prague mwaka 1960.

Huo utando umetengenezwa na nini?

Hasa mafuta na protini. Mafuta yake makuu ni fosfolipidi: kila moja ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Kwa hiyo hujipanga safu mbili, vichwa nje, mikia ikitazamana katikati. Gorter na Grendel wa Uholanzi walifikia wazo la safu mbili mwaka 1925 kwa kupima mafuta ya chembe nyekundu za damu. Unene wote ni kama nanomita 7 au 8 tu.

Protini zimezama ndani ya mafuta hayo, na katika chembe nyekundu ni karibu nusu ya uzito wa utando. Upande wa nje kuna minyororo midogo ya sukari. Ndiyo inayotofautisha damu ya kundi A na ya kundi B. Mwanafunzi aandike pia Singer na Nicolson, 1972: utando si ukuta mgumu, vitu vyake huteleza huku na huku.

Kama ni mafuta, mbona hayagandi?

Mafuta ya mawese huganda asubuhi ya baridi hapa kwetu kwa sababu karibu nusu yake ni mafuta yenye mikia iliyonyooka, inayobanana. Kwenye utando, mikia mingi imepinda, na kolesteroli iliyo katikati yake huzuia isibanane mno wala kulegea mno. Kwa hiyo kolesteroli si sumu, ingawa ikizidi kwenye damu ni hatari.

Kolera inatoboa utando?

Hapana, na hapa ndipo penye uzito. Sumu ya bakteria wa kolera hunasa kwenye mafuta yenye sukari yaitwayo GM1, yaliyo juu ya utando wa seli za utumbo. Kipande chake kimoja huingia ndani na kuwasha ishara isiyozimika. Protini iitwayo CFTR, ambayo ni mlango wa kloridi (sehemu nyingine ya chumvi), hubaki wazi. Kloridi hutoka, sodiamu na maji hufuata. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa, na seli zake ni nzima. Ile protini ya sodiamu na glukosi haijaguswa. SRO hupitia hapo, hata kuhara kukiwa bado kunaendelea. Msikate tamaa mkiona mtoto anakunywa na bado anaharisha: endeleeni kumpa.

Nikiongeza sukari atapona haraka?

Hapana, mama. Sukari ikizidi kwenye utumbo huvuta maji kutoka mwilini, na kuhara huongezeka. Ndiyo maana soda haifai: sukari tele, chumvi kidogo mno. Tangu 2002 Shirika la Afya Duniani linapendekeza milimoli 75 za sodiamu na milimoli 75 za glukosi kwa lita. Pakiti ikikosekana, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari, vya kusawazisha, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Sukari ya dukani hukatwa utumboni ikatoa glukosi. Mgonjwa aliyelegea, macho yameingia ndani, au anayetapika kila kitu, akimbizwe kituo cha afya awekewe serumu, yaani dripu ya mshipani.

Sabuni nayo hufanya nini kwenye utando?

Kirusi cha Ebola, kilichofika Goma Julai 2019, kimevikwa utando kilioutoa kwenye seli ya mtu. Sabuni ina kichwa na mkia pia, hujipenyeza kati ya mafuta hayo na kuyasambaratisha. Kwa bakteria wa kolera, kazi kubwa ya sabuni ni kumng'oa mkononi ili maji yamchukue. Maji ya kunywa ni habari nyingine: yaliyochotwa Ziwa Kivu hayawi salama kwa kutulia tu kwenye bidoni. Yatiwe klorini, au yachemshwe hadi yatokote.