Krediti Kupokelewa Si Krediti Kuhesabiwa

Mimi ni mshauri wa masomo katika chuo cha jamii (community college, chuo cha miaka miwili) hapa Texas. Wanafunzi wetu waongeao Kiswahili, wa Goma kwa wa Mombasa, wakitaka kuhamia chuo kikuu na krediti zao, yaani vipimo vya kozi walizomaliza, huniuliza: "Kaka, chuo kikuu kitapokea krediti zangu?" Kwa vyuo vikuu vya serikali, kwa kawaida jibu ni ndiyo, na hapo ndipo wengi huridhika mapema. Swali lenye uzito ni kama zitahesabiwa kwenye shahada unayoitaka.

Tazama hisabati. Texas ina mfumo wa pamoja wa namba za kozi: tarakimu ya kwanza ni mwaka wa masomo, ya pili ni idadi ya krediti. MATH 2413, yaani kalkulasi ya kwanza, ni ya mwaka wa pili na ina krediti 4. MATH 1314 ni aljebra, krediti 3. Anayekwenda kusomea uhandisi akaja na 1314, itaandikwa kwenye rekodi yake vizuri tu, lakini shahada ya uhandisi huanzia kwenye kalkulasi. Zile krediti 3 hazimpunguzii safari. Namba ikianza na 0, hiyo ni kozi ya maandalizi. Inalipiwa, ina faida yake, ila haiingii kwenye shahada.

Kuna pia masomo ya msingi (core), yale ya jumla ambayo kila mwanafunzi wa shahada huyasoma, krediti 42. Ukiyamaliza yote na transkripti, hati ya kozi na alama zako, ikaonyesha hivyo, chuo kikuu cha serikali cha Texas hulazimika kuyapokea kwa pamoja badala ya masomo yake ya msingi. Ukihama katikati, uliyofanya yanahesabiwa, yaliyobaki unayakamilisha kwa masharti ya huko uendako. Vyuo binafsi, Rice kwa mfano, havibanwi na sheria hiyo.

Wanaoumia zaidi ni wenye AAS (Associate of Applied Science). Shahada hiyo ya miaka miwili imetengenezwa kumpeleka mtu kazini, na kozi zake za ufundi mara nyingi hazihesabiwi kwenye shahada za kawaida za miaka minne. Kama nia yako ni kuendelea hadi chuo kikuu, uliza AA (Associate of Arts) au AS (Associate of Science), shahada za miaka miwili za kuhamia, kabla hujajisajili. Mimi ningependa swali hilo liulizwe siku ya kwanza dirishani, lakini haliulizwi.

Na usijaze krediti ovyo ukidhani ni akiba. Ukizidisha 30 juu ya zile shahada inazohitaji, chuo cha serikali kinaweza kukutoza ada ya mtu wa nje ya jimbo.

Basi chagua mapema shahada na chuo, tunza silabasi zako zote, kisha iandikie idara yenyewe barua pepe: "Kozi hii itajaza nafasi ipi kwenye mpango wa shahada yangu?" Wakijibu kwamba ni ya hiari tu, njoo tuibadilishe kabla muhula haujaanza.