Kutia maji kwenye wiski siyo kuiharibu

Kuna imani ya siku nyingi kwamba wiski inanywewa kavu tu, ukitia maji, barafu au soda umeshaiharibu. Imani hii inaeleweka, mtu katoa hela yake hataki ladha ipotee. Ila maji yamo humo tayari, maana ikitoka kwenye pipa mara nyingi ina kilevi zaidi ya 50%, halafu kiwandani wanaongeza maji mpaka ifike ile 40% au 43% unayoiona kwenye lebo, na kule Uskoti mafundi wa viwandani wanaochanganya wiski za mapipa tofauti wakitaka kuinusa vizuri wanaishusha mpaka karibu 20%, kwa sababu kilevi kikali kinachoma pua na kuficha harufu zingine. Wajapani nao joto la kiangazi likipanda wanajaza glasi barafu, wiski kidogo, juu maji ya gesi.

Jaribu mwenyewe, mimina glasi mbili sawa, moja tia kijiko cha chai cha maji, nusa zote mbili taratibu. Barafu ndo inapunguza harufu kweli, kwa hiyo kwa joto la Dar chupa ya bei ya kawaida weka tu barafu, ile ya gharama mi naona bora maji kidogo. Na maji ya kunywa yawe pembeni, kilevi kinakausha mwili.