Trekta ndogo ya zamani: pima kwanza, ndipo utafute zana

Kila Februari, kabla mvua za Machi hazijashika, karakana yetu huku mashariki mwa Uganda, kati ya Tororo na Busia, hupokea watu wenye swali moja: "Mwalimu, trekta ninayo, zana nitazipata wapi?" Wengi wana trekta ndogo za mtumba kutoka Japani, Kubota, Yanmar au Iseki, zenye nguvu za farasi 18 hadi 30. Wachache wamerithi Massey Ferguson 35 ya baba. Injini inawaka, gia zinaingia, lakini trekta ilifika peke yake, au ilifika na rotaveta moja iliyochoka, ile zana ya visu vinavyozunguka kusaga udongo. Trekta isiyo na zana ni pikipiki ya gharama kubwa, na mimi huumia kuona mashine nzuri ikikaa chini ya mwembe msimu mzima huku mwenyewe akikodi ng'ombe wa jirani.

Jibu langu kwa kawaida haliwafurahishi. Nawaambia warudi nyumbani wakaipime trekta, kwa sababu zana isiyolingana nayo ni hasara hata ukipewa bure.

Msimu uliopita mzee mmoja alitujia na plau ya diski tatu aliyoinunua Kitale, ng'ambo ya mpaka, akaipitisha Malaba juu ya pikapu. Ilishushwa na vijana sita. Bei ilikuwa nzuri, na rangi ya kijani ilikuwa mpya kabisa. Trekta yake ina farasi 24. Fundi wetu hakusema kitu. Alichukua spana namba 22 akaivika kwenye pini ya zana ya zamani iliyokuwa bado kwenye mikono ya trekta. Ikakaa barabara. Akaipeleka kwenye pini ya plau, ikagoma. Akajaribu namba 27, nayo ikagoma.

"Mzee, hii pini ni milimita 28."

"Si mtaikereza iwe ndogo?"

"Kukereza tunaweza, mzee. Trekta ndiyo haitaweza."

Hapo ndipo penye somo lenyewe. Mikono miwili ya chini na toplinki iliyo juu yake, ule mfumo wa pointi tatu uliosambazwa duniani na Harry Ferguson na trekta zake, umegawanywa katika madaraja. Daraja la kwanza lina pini za chini za milimita 22 na ya juu milimita 19, na nafasi ya karibu sentimita 68 kati ya pini za chini. Daraja la pili lina pini za milimita 28 chini na 25 juu, na nafasi ya sentimita 82 hivi. Liko pia daraja la sifuri, kwa trekta ndogo kabisa, lenye pini za chini za milimita 16. Kwa sababu ya vipimo hivi, zana iliyotengenezwa India inaweza kufungwa kwenye trekta ya Japani bila kuchomelea chochote.

Pini pia inakuambia jambo lingine. Aliyeweka pini ya milimita 28 alijua zana hiyo itavutwa na trekta kubwa. Plau ya diski tatu ya kawaida hutembea vizuri na trekta ya farasi 60 kwenda juu. Ukiikereza pini yake ili iingie kwenye trekta ya farasi 24, umefungua mlango tu. Uzito na mzigo wa udongo viko palepale. Mikono itapinda, pampu ya haidroliki italia, na magurudumu ya mbele yatainuka ukiwa barabarani. Hali ya kinyume haina shida: zana yenye pini ya 22 ikikutana na trekta yenye tundu la 28, unavika bushi tu, yaani kipande cha bomba cha kuongeza unene wa pini, na bushi hizo zinauzwa au zinachongwa kwa urahisi.

Baada ya pini, pima upana wa trekta kutoka ukingo wa nje wa tairi moja la nyuma hadi ukingo wa nje wa lingine. Kisha jiulize nguvu iliyobaki, si ile iliyoandikwa kwenye boneti. Sehemu ya nguvu ya injini hupotea kabla haijafika kwenye PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha zana, na injini ya miaka 35 imepoteza zaidi. Trekta ya farasi 24 naihesabu kuwa na 20. Kwa rotaveta na kwa slesha ya kukata nyasi, mafundi hutumia hesabu ya farasi 5 kwa kila futi moja ya upana. Ishirini gawanya kwa tano ni futi nne, yaani mita 1.2. Ukiona rotaveta ya futi tano kwa bei ya kutupa, iache. Na kama upana huo wa trekta, tairi hadi tairi, ni mita 1.3, rotaveta ya mita 1.2 ifungwe ikiwa imesogea upande mmoja, ili angalau alama ya tairi moja ifutwe.

Rotaveta naiheshimu, ila naona inatumiwa kupita kiasi. Shamba lenye magugu ya lumbugu likipitishwa rotaveta, mizizi hukatwa vipande vidogo na kila kipande huota. Umepanda lumbugu kwa dizeli yako mwenyewe. Kwenye miteremko ya kuelekea Mbale na Sironko, udongo uliosagwa kama unga huondoka na mvua ya kwanza. Kwa shamba la mahindi ningependa zaidi plau ndogo ya bawa, ile inayogeuza udongo, yenye jembe moja au mawili ya inchi 10, ifuatwe na haro nyepesi ya kuvunja mabonge. Teso wamelima na plau ya ng'ombe tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, na macho yao yanajua mkato mzuri wa udongo unavyolala. Mkulima wa Kumi au Soroti hahitaji kufundishwa kurekebisha plau ya bawa. Anahitaji kuonyeshwa toplinki tu. Ukiifupisha, pua ya plau inainama na kuingia ndani zaidi. Ukiirefusha, inatoka.

Sasa PTO, na hapa naomba msomaji asiruke mstari. Zana nyingi zimeundwa kwa mizunguko 540 kwa dakika, na shafti ya meno 6 yenye kipenyo cha karibu milimita 35. Trekta nyingi za Kijapani zina gia tatu au nne za PTO, na maandishi yake ni ya Kijapani. Gia ya kwanza ndiyo huwa karibu na 540. Zile za juu zilikusudiwa kusaga udongo laini wa mpunga kwa rotaveta yake maalumu. Ukiweka slesha kwenye gia ya tatu, visu vinazunguka kwa kasi ambayo havikuundwa kuistahimili.

Mizunguko 540 kwa dakika ni mizunguko 9 kila sekunde. Bomba la shafti lenye kipenyo cha sentimita 5 huzungusha karibu mita moja na nusu ya nguo katika sekunde moja. Mkanda wa gomesi, lile vazi refu la akina mama, unaolegea karibu na mashine ya kupukuchua mahindi humezwa kabla mama hajageuka. Nikiwa mwanafunzi, koti langu la mvua lilinaswa na shafti isiyo na kifuniko. Lilikuwa kuukuu, likapasuka mgongoni, likaniacha. Lingekuwa jipya nisingeandika haya. Kifuniko cha plastiki cha shafti ndicho kinachotupwa kwanza na mafundi wengi wa mtumba, na ndicho ninachokiuliza kwanza. Kama hakipo, toa bei ya kifuniko kwenye bei ya zana, kisha kakinunue siku hiyohiyo.

Urefu wa shafti nao hupimwa. Inua na ushushe zana polepole injini ikiwa imezimwa. Mahali trekta na zana zinapokaribiana zaidi, mabomba mawili yasigongane. Yaachane sentimita 3 hadi 5. Mahali zinapotengana zaidi, bomba la ndani liwe bado limeingia angalau theluthi ya urefu wake. Ikibidi kukata, kata ndani, nje na kifuniko kwa kipimo kimoja, kisha piga faili kingo zote.

Trekta nyingi za zamani zina klachi ya hatua moja: ukiikanyaga, PTO inakatwa pamoja na mwendo. Slesha nzito, hata hivyo, haisimami mara moja. Kule nyuma inaendelea kuzunguka, na nguvu yake hurudi kwenye gia na kuisukuma trekta mbele, hata kama mguu uko kwenye klachi. Nimeona uzio ukiangushwa hivyo. Kipo kifaa kidogo kinachovikwa kati ya PTO na shafti, kinachoiacha slesha izunguke bila kuisukuma trekta. Usinunue slesha bila kuuliza kama trekta yako inakihitaji.

Zana zenyewe zinapatikana. Kampala, mafundi wa Katwe na wauza spea wa Ndeeba wana mengi, na ng'ambo ya mpaka Kitale na Eldoret, kwenye mashamba makubwa ya mahindi na ngano, plau na haro kuukuu huuzwa mara kwa mara; ukinunua huko, dai stakabadhi na upite forodhani kwa haki. Ila mimi nagawa mambo hivi. Tela, fremu ya kubebea mizigo, ubao wa kusawazisha udongo na jembe la matuta, mpe fundi wa karibu nawe anayejua kuchomelea. Atakutengenezea vizuri, naye utampata siku kikivunjika. Chochote chenye giaboksi na kisu kinachozunguka, usikubali kibuniwe uchochoroni. Tela la kujimwaga ni habari nyingine: trekta nyingi za zamani hazina tundu la nje la mafuta ya haidroliki, kwa hiyo jek yake haitainuka mpaka tundu hilo liongezwe.

Kwenye zana ya mtumba, rangi mpya ni sababu ya kuchunguza zaidi. Kwaruza rangi kwenye maungio uone kama kuna nyufa zilizojazwa kwa kuchomelea. Shika kila diski kwa mikono miwili uitikise. Ikicheza, beringi imekwisha. Diski mpya ya plau kubwa ina kipenyo cha karibu sentimita 66, basi ukikuta 55, umeuziwa iliyobaki. Zungusha giaboksi kwa mkono, fungua nati ya mafuta, chovya kidole: mafuta meupe kama maziwa yameingiwa na maji, na yanayometameta yana unga wa chuma. Angalia pia bolti ile iliyokusudiwa kukatika zana inapogonga kisiki au kichuguu. Ukikuta imewekwa bolti ngumu ya injini, jua kwamba mwenye zana alichoka kuibadilisha, na mshtuko wote umekuwa ukiingia kwenye giaboksi.

Zana ikishafungwa, iinue kidogo, kisha zungusha usukani. Ukiuona mwepesi, mbele panahitaji uzito. Jerikani ya lita 20 ikijazwa zege hufika karibu kilo 50. Mbili zikifungwa imara kwenye fremu mbele ya radieta zinatosha trekta nyingi za ukubwa huu. Na kamwe usifunge mnyororo kwenye toplinki au juu ya ekseli ya nyuma ili kung'oa kisiki. Trekta hupinduka kinyumenyume katika muda usiofika sekunde mbili, na dereva yuko chini. Kuvuta ni kwenye upau wa chini pekee.

Mwenye shaka asione haya kuuliza. Busitema, palipokuwa chuo cha taifa cha mashine za kilimo kabla ya chuo kikuu kuanzishwa hapo mwaka 2007, kuna wahandisi, na wizara ya kilimo ina kituo chake Namalere. Nenda na vipimo vyako vimeandikwa kwenye karatasi.

Yule mzee hakuipoteza pesa yake yote. Kikundi cha wakulima chenye trekta kubwa kilichukua plau ile, wakampa ya bawa yenye majembe mawili na kumwongezea kidogo. Machi tulikwenda naye shambani. Alilima kwa saa moja, akazima injini, akashuka na spana kama tulivyomwambia, akapita bolti moja baada ya nyingine. Mbili zilikuwa zimelegea.